Tofali la Juu

Jumatano, 2 Julai

Ukuta mfupi tena. Kukimbia kidogo, viganja viwili juu ya tofali, magoti kifuani, miguu ipite katikati ya mikono, kutua. Kurudi nyuma. Tena. Kocha Frida, anayetufundisha kuruka kuta, hasemi mengi. Anasema "mikono kwanza", halafu anasema "rudia". Huyo simlalamikii.

Ninayemlalamikia ni Maganga. Alikaa juu ya ukuta mrefu, ananing'iniza miguu kama mwenye nyumba, akakitangazia kikundi kizima kwamba Mluguru kazoea kupanda mlima na kushuka, ukimwekea kitu cha kuruka anakaa chini ale ndizi kwanza. Mruko wenyewe tunauita nyani, basi hapo akapata pa kuanzia. Nyani wa Uluguru wamenikana. Nyani wa Uluguru wameandika barua kwa mkuu wa mkoa. Watu wakacheka. Hata Kocha alinigeuzia mgongo, mabega yanamcheza.

Na mimi sina ruhusa ya kukasirika. Maganga ni Mnyamwezi, mimi Mluguru. Makabila yetu ni watani tangu mababu zake walipokuwa wakipita hapa na mizigo kichwani kwenda pwani. Mtani anakusema atakavyo, mbele ya yeyote, hata msibani, na wewe ukinuna ndiye mwenye makosa. Kwa hiyo nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Hasira nimeibeba hadi nyumbani, naiweka hapa.

Jumamosi, 5 Julai

Nilimaliza kichwa cha mwisho saluni mapema, nikapanda pagaleni kabla jua halijazama. Pagale ni la mtu aliyeanza nyumba nyuma ya mtaa wetu wa Mafiga akaiachia kwenye madirisha. Msimamizi wake anaturuhusu kufanya mazoezi humo ilimradi tusiharibu kitu. Kuta tunazotumia ni tatu: mfupi unanifikia magotini, wa kati kiunoni, mrefu kifuani.

Tatizo langu ni vidole vya miguu. Kwenye ukuta mfupi vinapita. Nikiutazama ule mrefu, nauona ukucha ukigusa tofali na uso wangu ukitangulia chini. Siyo woga wa bure. Watu huumia hivyo hivyo kwenye nyani: miguu inakwama, mikono haina pa kushika. Na mikono yangu ndiyo kazi yangu. Nasuka. Mteja wa rasta ndogo ndogo anakaa kwangu tangu asubuhi hadi alasiri. Nikivunjika kifundo, nani atamaliza kichwa cha mtu?

Kwa hiyo nakwenda polepole. Sioni aibu. Kocha amesema watakaocheza kwenye maonyesho ya Nanenane ni wale waliovuka ukuta mrefu kwa nyani, mbele yake, safi, bila kubahatisha. Nataka kwenda. Nataka sana, sitajidanganya humu. Nataka kuvuka mbele ya watu wa mkoa mzima, na Jumatatu inayofuata nisuke kwa vidole vyote.

Kabla ya kuanza huwa napangusa ukuta kwa kiganja mwanzo hadi mwisho. Changarawe, umande, tofali lililocheza. Maganga ameona. Kasema nafagia ukuta kama nangojea wakwe.

Sina wakwe. Anajua kabisa.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Sikukuu, saluni imefungwa. Nilitaka siku moja tu bila yule mtu.

Akaja nyumbani. Hakualikwa, mtani haalikwi. Akafunua sufuria, akatoa paja la kuku, paja la Mama, akala amesimama. Angekuwa mtu mwingine angetoka na mwiko mgongoni. Mama alicheka. Halafu Maganga akachukua kigoda, akakiweka katikati ya uwanja, akamwonyesha Mama jinsi binti yake anavyoruka: mbuzi mwenye mimba anayevuka mfereji. Mama alicheka hadi akakaa chini, akajipangusa macho kwa upande wa kanga. Mama yule yule ambaye kila siku ananisema kwa kuvaa suruali.

Alipoondoka nilisema nimemchoka. Mama akaniambia mtani hakasirikiwi, na kwamba siku nikifiwa ndiye atakayechota maji na kunichekesha nisile udongo. Sijafiwa. Nimeibiwa kuku tu, na heshima.

Linaloniudhi kuliko yote: yeye anavuka ukuta mrefu. Hakuwahi kujifunza kwenye mfupi hata wiki moja. Anachomelea mageti, mikono yake ni minene kama mabomba anayokata, anajirusha tu na anafika upande wa pili. Mara miguu imepita katikati, mara imekwenda pembeni, mara kiganja kimoja kimechelewa. Kocha alimwambia arudi chini ajifunze upya. Kasema ukuta mfupi ni wa Waluguru.

Alhamisi, 10 Julai

Leo nimelipiza. Maganga alikuwa ameegemea ukuta mrefu, ananisimulia kwa watu. Nikasema kwa sauti ya kawaida, sicheki, kwamba nyuma ya kisigino chake kuna nyoka. Alivuka ukuta bila kugusa. Sijaona Mnyamwezi akiruka vizuri namna ile, na nilimwambia. Watu walilala chini kwa kicheko. Yeye mwenyewe alicheka, akanipa mkono.

Kumbe utani mtamu ukiwa upande wa kutoa.

Jumapili, 13 Julai

Ukuta wa kati. Kocha alinihamisha bila sherehe. Alisema tu, "Njoo hapa."

Mara ya kwanza niliweka mikono nikasimama. Mara ya pili vivyo hivyo. Kocha alitandika godoro upande wa kutua, akasema kusimama siyo kosa, kosa ni kwenda nusu. Mara kadhaa baadaye magoti yalipita. Nilitua kwa miguu miwili, kimya. Nilikuwa nimezoea kusikia pumzi yangu, safari hii sikusikia chochote.

Maganga alikuwa amelala chali kwenye kivuli. Hakuona. Nilipomwambia, akasema Waluguru huona mengi ukungu ukishuka.

Mimi ni mtu mzima. Nina kazi, nalipa kodi ya saluni, nafundisha wasichana wawili kusuka. Kwa nini furaha yangu ipite kwanza kwenye mdomo wa mtu huyu?

Jumatano, 16 Julai

Kifundo cha mkono wa kushoto kinauma. Siyo sana. Nimepumzika, nimekifunga kitambaa, nimekaa nikitazama wenzangu. Kocha amesema vizuri. Maganga amesema Mluguru kavunjika mfupa wa uvivu.

Sina la kuongeza.

Jumamosi, 19 Julai

Nitaandika yote.

Asubuhi tulikuwa wachache, Kocha hajafika. Mlima ulikuwa umefunikwa, jua bado. Nilianza kupangusa kuta kama kawaida. Kwenye ukuta mrefu kiganja changu kilipofika karibu na mwisho, tofali la juu lilisogea. Niliangalia. Matofali mawili ya pembeni yake hayapo. Juzi yalikuwepo. Kuna mtu amekuja kujichukulia matofali ya bure akaacha lile moja peke yake, udongo umebaki kwa chini, hakuna kinacholishika. Watu wa mji huu wataiba hata kivuli cha pagale.

Maganga alikuwa tayari amerudi nyuma kukimbia. Nikamwambia, "Maganga, usiruke. Tofali la juu limelegea."

Akanitazama. Akatabasamu. "Na nyoka leo kalala wapi?"

Nikamwambia sitanii. Akasema ndivyo nilivyosema na siku ile. Sikusema hivyo siku ile. Nikasogea nimsimamishe, naye alikuwa ameshaondoka.

Viganja vilitua pale pale. Tofali lilikwenda naye. Alianguka upande wa pili juu ya mkono wa kulia, na tofali likafuata juu ya mkono.

Na watu walicheka. Wote. Maganga huwa anajiangusha kila wiki, analala kama maiti, anadai ubani. Alipolia walicheka zaidi. Mimi niliona mfupa ulivyokaa na nikapiga kelele nyamazeni, na hata mimi walinicheka kidogo, kabla hawajaelewa.

Nilimwambia. Nilimwambia kwa Kiswahili cha kawaida, kwa jina lake, kitu kinachoonekana kwa macho. Ningekuwa Mhehe, ningekuwa Mpare, ningekuwa mtu yeyote anayepita njia, angesimama.

Jumapili, 20 Julai

Hospitali. Wamemfunga hogo jeupe la plasta kutoka kiganjani hadi juu ya kiwiko. Mifupa miwili ya mkono imevunjika, wameirudisha. Uso umevimba. Nilimpelekea uji.

Nilisema, "Pole sana, kaka Maganga. Unaendeleaje?"

Akabadilika rangi. Kweli, nimeona. Akauliza kwa sauti ndogo, "Mbona unaniita kaka? Daktari kakwambia nini?"

Nikasema hajaniambia kitu. Hakuamini. Akaniuliza kama watamkata mkono. Nikasema hapana, nikamwambia ale uji, nikamwambia atapona inshallah, na kadiri nilivyozidi kuwa mpole ndivyo macho yake yalivyozidi kutoka. Wa kitanda cha jirani wakatega masikio. Maganga akageukia ukutani, akalia.

Nilitoka nje nikasimama karibu na bomba la maji. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi. Nikisema kweli, ni utani. Nikisema pole, ni kifo. Sasa mimi niseme nini na mtu huyu?

Jumanne, 22 Julai

Wamemruhusu. Anakaa chumba kimoja nyuma ya karakana yake. Mama akasema twende, mtani akiumia kazi zake ni zetu. Nilimwambia siendi. Mama alikuwa ameshachukua ndoo.

Alipoingia tu, hata hodi hakumaliza, Mama alimwambia Maganga kwamba tumekuja kupima jeneza, kwamba mbao za Wanyamwezi huwa fupi kwa kuwa miguu yao tunaikunja, na kwamba kaburi tutalielekeza Tabora ili asitusumbue na mizimu yake. Akachukua redio yake, akaiweka kwenye kapu, akasema ni malipo ya kuku. Maganga alicheka hadi akashika hogo kwa maumivu. Rangi ilimrudia. Aliomba chai.

Mama alifua shuka. Mimi nilifagia, nikaosha vyombo, nikapanga vyuma vyake mlangoni. Mama alipotoka kuanika, nilishindwa kujizuia.

"Nilikwambia ukweli."

"Nilijua anayesema ni wewe," akasema.

"Ndiyo maana hukusikia."

Akasema kwamba toka amefika Morogoro hakuna mtu aliyewahi kumwambia jambo la maana bila kumcheka, na yeye vile vile, na kwamba neno la kweli likija bila kicheko alikuwa hajui aliweke wapi. Sikutarajia maneno hayo. Nilibaki nimeshika ufagio.

Tukapatana jambo moja. Mtu akiwa anaukabili ukuta, utani unabaki nje ya pagale. Kinachosemwa hapo kinasikilizwa, hata kama aliyesema ni Mluguru. Alitaka kuongeza kitu baada ya hapo, akajizuia. Bado nilikuwa na hasira nilipotoka.

Ijumaa, 25 Julai

Kikao cha kikundi. Msimamizi wa pagale alikuja na sauti kubwa, anataka tuondoke. Kocha aliongea naye kwa muda. Tumekubaliana tubomoe safu ya juu ya ukuta mrefu na kuijenga upya kwa saruji, kazi ya mikono yetu. Tumemaliza jioni. Ukuta umerudi kimo chake.

Hilo siyo lililoniharibia siku. Wakati tunachanganya saruji, mwenzetu mmoja, simtaji hata humu, alisema na mimi nina lawama. Nilimwonya Maganga kama mtani, kwa hiyo alisikia kama mtani. Ningetafuta mtu mwingine aseme. Wengine wakaitikia kwa vichwa.

Yaani niliyepangusa ukuta ni mimi. Niliyeona ni mimi. Niliyesema ni mimi. Waliocheka mtu akiwa amevunjika ni wao. Na lawama imepita kwa wote ikaja kukaa kwangu, kwa kuwa sikumkodi mkalimani. Nilitupa koleo. Kocha alinitazama, akaliokota, akanirudishia. Nikaendelea kuchanganya, saruji isigande.

Jumamosi, 2 Agosti

Kipimo cha mwisho kabla ya Nanenane. Saruji imekauka, nimeipangusa mwenyewe, imeshika. Kocha alisimama upande wa kulia. Maganga alikuja na hogo lake, kafungiwa shingoni kwa kitenge, akachuchumaa kushoto. Niliruka ukuta wa kati kwanza, mara mbili. Nilijisikia vizuri. Nilikuwa na hasira za wiki nzima miguuni na nilijua zitanibeba.

Kocha akaniashiria niende kwenye mrefu. Nilirudi nyuma. Nikavuta pumzi.

Maganga akasema, "Zena, bado."

Nilidhani nitamrukia yeye badala ya ukuta. Yeye. Mtu aliyeambiwa asiruke akaruka. Mtu mwenye hogo. Watu wote wanatazama, Nanenane iko mlangoni, na wa kunisimamisha ni yeye. Niliutafuta mzaha usoni kwake. Haukuwepo. Akamwambia Kocha kwamba mkono wangu wa kushoto unachelewa, unatua baada ya ule wa kulia, na kutoka upande alikosimama Kocha hauonekani. Kocha akahama upande. Akaniambia nirudie ukuta wa kati. Nikarudia.

"Kweli," Kocha akasema. "Unachelewa."

Ni kile kifundo. Hakiumi tena lakini nimekuwa nakionea huruma bila kujua, nakipa nafasi ya pili kila mara. Kwenye ukuta mrefu ningezunguka hewani, ningetua na ubavu au na shingo.

Sikwenda. Jina langu halimo kati ya wa Nanenane. Wamechaguliwa watatu, mmoja ni yule aliyesema nina lawama. Nimerudi nyumbani, nimekula kidogo, nimemjibu Mama vibaya. Sina hamu ya kuwa mtu mwenye busara leo. Nimekasirika kwa kuwa alisema, nimekasirika kwa kuwa ni kweli, na nimekasirika zaidi kwa kuwa nilimwamini pale pale.

Jumatatu, 4 Agosti

Ukuta mfupi. Mikono tu. Kushoto na kulia pamoja. Maganga anasikiliza, hatazami. Anasema viganja vikitua pamoja vinatoa sauti moja. Vikiachana, mbili. Leo mbili nyingi. Moja chache.

Hakuna aliyecheka. Pamekuwa na upweke fulani, sikutegemea.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Mji wote umeelekea viwanjani. Kocha alisema atapita pagaleni alfajiri kabla ya kwenda na kikundi, kama nitakuwepo. Nilikuwepo. Maganga pia.

Nilipangusa ukuta. Nilianza na mfupi, nikapanda wa kati. Sauti moja. Tena, moja. Kocha akatandika godoro nyuma ya mrefu, akamtazama Maganga. Maganga akasema, "Sasa nenda."

Nikaenda. Viganja, magoti, ukuta ukapita chini yangu, nikatua. Kocha akasema rudia. Nikarudia. Akasema haya, akakunja godoro, akatuachia chupa ya maji, akaondoka kuwawahi wenzetu. Ndiyo sherehe yote niliyoipata, na ilinitosha.

Tulibaki wawili. Tulikaa chini tumeegemea ukuta, ukungu unapanda mlimani. Nilikuwa nangoja aseme kitu kuhusu nyani. Hakusema. Baadaye akanyoosha mkono wa hogo mbele yangu na kuniuliza, "Wewe unaishi kwa vidole, niambie hivi vyangu vikoje. Daktari anasema tusubiri. Watu wa karakana wanasema si kitu. Mama yako anasema nitachomelea jeneza langu mwenyewe."

Nikashika kidole kimoja kimoja. Nikamwambia abane vidole vyangu, kama ninavyowaambia wasichana ninaowafundisha kushika nywele. Gumba likabana. Cha shahada kikabana. Cha kati. Viwili vya mwisho vililala tu kwenye kiganja changu, vya moto, havina nguvu.

Nikamwambia. Vitatu vinashika, viwili havishiki. Nikamwambia sijui kama vitarudi. Akauliza kama bunduki ya kuchomelea inashikika kwa vitatu. Nikasema sijui hilo pia.

Akaitikia kwa kichwa. Akasema asante, Zena. Akautazama mkono, akautazama tena.

Tulikaa hivyo. Jua likaufikia ukuta, likatufikia sisi. Nilikuwa nimempa nilichotaka siku zote kumpa, ukweli bila utani, nacho kilikuwa kimekaa katikati yetu, kizito, na hakuna kati yetu aliyejua kukibeba. Nikasimama, nikapiga vumbi suruali yangu, nikatoka hadi nje ya mlango wa pagale. Nikageuka nikamwambia kwamba nimewaza sana, na sishangai, maana Wanyamwezi hata vidole vyao hungoja wengine watangulie kazini.

Uso ulikuwa bado umeinamia mkono. Halafu mabega yakaanza kumcheza.

Tumerudi Mafiga kwa miguu. Alitangulia yeye, nimembebea chupa.